Vigae Vinne Chini ya Kabati

Ugonjwa wa mchezo ulijulikana Jumamosi alasiri, chai ikiwa bado ya moto. Binti wa mwisho wa nyumba ile, ambaye kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba na hakuna aliyeona haja ya kujisumbua zaidi, aliilaza simu yake mezani. Akawatazama wazazi wake na kaka yake mmoja mmoja, kisha akasema lililomkaa rohoni tangu asubuhi.

"Gemu imekataa. Nimeiachia ijicheze yenyewe mara mia moja, wachezaji wawili. Anayeanza ameshinda mara sabini na nane."

"Basi mimi nitakuwa naanza," kaka yake akasema.

Kaka huyu alikuwa fundi wa majokofu. Mtaani walimwita Baridi, kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu nyumba ingeshika moto angemaliza kwanza chai yake. Hakuna aliyecheka, naye hakutegemea wacheke.

Kitinda alikuwa na haki ya kununa. Kampuni moja inayotoa michezo ya simu ilikuwa imeupenda mchezo wake, ikampa masharti mawili, na siku ya mwisho ni Alhamisi. La kwanza, mchezo usiegemee upande mmoja. La pili, athibitishe kwamba ni wa kwao, haukuokotwa mahali. Akiyatimiza, wangeutoa na kumwajiri yeye autunze. Akishindwa, angebaki kwenye kaunta ya duka la dawa, ambako mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na ambako tayari ameletwa msichana mwingine "wa kumsaidia", na Kitinda akaambiwa amfundishe kila kitu. Mtu akishaambiwa amfundishe mwenzake kila kitu, barua ya kuachishwa kazi ya nini tena?

Mchezo wenyewe ulizaliwa sakafuni. Baba yao alikuwa fundi wa vigae, na sebule yake aliitandika kwa mabaki ya kazi za watu: cha bluu kutoka bafu la daktari, vya kahawia kutoka ngazi za benki, vyeupe vyenye mishipa kutoka nyumba ambayo wenyewe waliachana kabla rangi ya ukutani haijakauka. Ilimchukua miaka mitatu. Wageni wenye adabu waliisifu, wasio na adabu waliuliza itakamilika lini. Juu ya sakafu hiyo watoto walirusha dadu na kusogeza vizibo vya soda, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni, na kila rangi ilikuwa na sheria yake. Kahawia unakaa zamu moja. Bluu unarusha tena, ila bluu ni ya atakayeikanyaga kwanza. Ajaye nyuma anaikuta imeshaliwa.

"Na hapo ndipo penye tatizo," Kitinda alieleza. "Aliyetangulia anakula bluu zote. Anazidi kwenda, wa nyuma anazidi kubaki."

"Kwani dunia ikoje?" Baridi akauliza.

"Dunia siijui, Kaka, mimi najua hapa nyumbani. Nimepitia daftari la ushindi, michezo mia mbili na kitu. Hapa anayeanza hashindi kuliko wengine. Kuna kitu tunakifanya hapa ambacho sikukiweka kwenye simu."

"Labda ni baba yako na mwiko wake," Mama akasema, akicheka.

Huo ulikuwa utani wa zamani. Kila mara Baba alipokuwa mbele na mwingine amebaki nyuma sana, alijipiga kofi kwenye paji la uso, akasema, "Nimesahau mwiko," kama fundi aliyeacha kifaa chake cha saruji nyuma, akakirudisha kizibo chake mpaka alipo yule wa mwisho, kisha wakasonga pamoja kuanzia pale. Watoto walikua wakiucheka usahaulifu huo. Kitinda hakuuweka kwenye programu, kwa sababu hakuna anayeandika utani wa baba yake kwenye programu.

Baridi akaweka kikombe chini. "Ule si utani. Ule ni wa shimo. Aliye mbele anarudi kumtoa aliyetumbukia. Si ndivyo, Baba?"

"Shimo gani?" Kitinda akauliza.

Baridi alikuwa ameshalitazama kabati kubwa la vyombo lililoegemea ukuta wa dirishani, na aliposhtuka kwamba ametazama, alijifanya anahesabu sahani. Mama akamwambia anywe chai yake. Baba aliinuka taratibu, magoti yakilia, akasema anakwenda kuosha mwiko. Mwiko ulikuwa umeoshwa tangu jana na kutundikwa. Hata hivyo maji yalisikika yakimwagika uani kwa muda mrefu.

 

Jikoni, Mama alikuwa anachambua mchele ambao haukuwa na hata kokoto moja. Kitinda alisimama mlangoni akaegemea mwimo.

"Mama, kuna nini chini ya kabati?"

"Kuna sakafu. Ulitaka kuwe na nini?"

"Mama."

Mama aliweka ungo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi katika mambo madogo na machache katika makubwa, na sasa alitafuta pa kuanzia kwa taabu.

"Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni," alianza. "Kaka yako ana miaka minane. Baba yako alikuwa amemaliza kazi kwenye nyumba moja kubwa kule juu. Mwenye nyumba akamwambia, fundi, hivi vilivyobaki chukua, usiniachie takataka. Akachukua, akavitandika pale ukutani, vinne, vya kijani. Vilikuwa vizuri, Kitinda. Ndivyo vilivyokuwa vizuri kuliko vyote."

"Halafu?"

"Halafu baada ya miezi miwili bafu lao likapasuka, wakahitaji vigae vile vile, dukani havipo tena. Akaja mke wa yule bwana. Na kijana wake ana tindo na nyundo. Akamuuliza baba yako, una karatasi? Nani alikupa? Baba yako akasema, amenipa bwana. Yule mwanamke akasema, bwana amesafiri, nionyeshe karatasi." Mama akajifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Viling'olewa hapo hapo, majirani wamejaa mlangoni. Viwili vikavunjika. Wakachukua na vipande."

Kitinda alitaka kusema neno la hasira, lakini miaka ishirini na mitatu ilikuwa imepita na hakujua alitupe wapi.

"Walipoondoka kaka yako akawa analia, anakodolea macho pale palipong'olewa. Baba yako akachukua kizibo, akakisukuma mpaka kikatumbukia. Akasema, haya, huyu kaanguka, nani aliye mbele arudi amtoe? Wakacheza mpaka mtoto akacheka. Ndiyo gemu yako hiyo. Ilianzia shimoni."

"Na kabati?"

"Kabati nililileta mimi. Nilikopa kwenye chama cha akina mama nikalinunua. Sikutaka kila akiamka aone pale alipoitwa mwizi." Akauchukua tena ungo wake. "Hakuniuliza kitu. Nikajua nimefanya vyema."

 

Jumapili nzima Kitinda hakutoka. Aliweka shimo: miraba minne isiyo na rangi, kando ya ukuta. Aliyetumbukia hatoki kwa dadu yake, anatolewa na aliye mbele, ambaye hana budi kurudi, na wote wawili wanaanzia ukingoni pamoja. Kisha akaiachia gemu ijicheze mara mia. Anayeanza alishinda mara hamsini na moja. Akaiachia tena, akapata arobaini na tisa. Alicheka peke yake chumbani, na baada ya kucheka akaona haya, maana alichokuwa amekiweka kwenye simu ni jeraha la baba yake, na hajamwomba ruhusa.

Kesho yake mchana alimfuata kazini. Baba alikuwa kwenye nyumba inayojengwa, bafuni, amepiga magoti juu ya kipande cha sponji, pimamaji likiwa pembeni yake na penseli sikioni. Alikuwa anagonga kigae kwa mpini wa nyundo ya mpira na kusikiliza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usikanyage hapo, bado ni mbichi. Pita huku." Akagonga tena. "Sikia hiki. Na sasa sikia hiki."

Cha kwanza kilitoa sauti nzito. Cha pili kililia kama sufuria.

"Hiki kina uwazi chini," Baba akasema. "Kwa macho viko sawasawa. Mtu akiweka ndoo ya maji juu yake, kinapasuka. Ndiyo maana nakiondoa sasa hivi kingali kinaondoka."

Alikibandua, akapaka saruji upya na kuikwaruza mistari kwa mwiko wenye meno. Kitinda alingoja amalize.

"Baba, Mama ameniambia."

Mkono wa mzee haukusimama. Alikiweka kigae, akakikandamiza, akakigonga pembe zote nne.

"Mama yako aliona aibu," alisema mwishowe. "Simlaumu. Mwanamke amesimama nyumbani kwake, majirani wanachungulia, mumewe anaambiwa toa karatasi. Akaenda akakopa akaleta kabati kufunika. Nikasema moyoni, haya, ameona aibu kwa ajili yangu, nimwache alifunike shimo. Tangu siku ile kabati sijaligusa."

Kitinda alikumbuka maneno ya Mama jikoni. Mambo mengine mtoto hana mamlaka ya kuyabeba kutoka kwa mzazi mmoja kumpelekea mwingine, hata kama yangekuwa mepesi kiasi gani. Akasema la kwake tu.

"Nimeliweka shimo kwenye gemu. Bila shimo haisimami. Ukisema nilitoe, natoa."

"Unasema linaisimamisha?"

"Bila hilo anayeanza anashinda siku zote. Likiwepo, hata wa mwisho ana matumaini."

Mzee alikaa kitako sakafuni, upande uliokauka. Alijaribu kuzuia tabasamu lake, hakuweza. "Nilijua," alisema. "Siku ile ile nilijua ni mchezo mzuri."

"Basi kuna jambo jingine. Wanataka ushahidi kwamba ni wetu. Mwanasheria wao anataka kukuona Jumatano. Amesema uje na karatasi yoyote."

Tabasamu likaondoka. Baba alilitazama lile pimamaji kama vile nalo lingetoa maoni.

"Karatasi," akasema. "Ala. Karatasi tena."

 

Lakini alikwenda. Alinyoa ndevu, akavaa shati lake la mikono mirefu, akakata kucha zilizokuwa na saruji ya kudumu. Kwenye mapokezi ya kampuni, msichana mwenye kucha nzuri kuliko zake alimtazama mikono kabla ya uso.

"Fundi, mlango wa mafundi ni huu wa nyuma. Choo kinachovuja kiko ghorofa ya pili."

Kitinda akawaka, lakini Baba alimgusa bega.

"Fundi ni mimi kweli, binti yangu, ila leo nimekuja kama mgeni," alimwambia yule msichana kwa upole. "Na hicho kigae ulichowekea kiti chako kina uwazi chini. Sogeza kiti, usije ukaanguka." Akakigonga kwa kisigino, kikalia. Msichana akasogeza kiti bila kujua kwa nini anamtii.

Mwanasheria alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, anayeuliza mambo kwa mpangilio. Alieleza kwamba mwaka uliopita kampuni ilitoa mchezo ambao aliyeuleta aliuiba kwa rafiki yake, wakaishia mahakamani. Tangu hapo hakuna kinachopita bila yeye.

"Kwa hiyo, mzee, mchezo umetungwa na nani?"

"Na mimi."

"Lini?"

"Miaka ishirini na mitatu iliyopita. Alasiri."

"Kuna maandishi yoyote? Barua, mkataba, daftari, kitu cha tarehe?"

Baba alitazama mikono yake. Kitinda, aliyekuwa amekaa kando yake, aliona shingo yake ikikakamaa, naye akamwonea uchungu mpaka machozi yakamlengalenga. Akaomba moyoni amsamehe kwa kumleta hapa. Lakini mzee alikuwa anatafuta maneno tu, na alipoyapata aliyasema bila kuinamisha kichwa.

"Mama mwanasheria, mimi nimewahi kuulizwa karatasi mara moja maishani. Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho kilikuwa changu kwa haki, lakini kilitolewa kwa mdomo, na mdomo ulikuwa umesafiri. Wakaingia sebuleni kwangu, wakaking'oa mbele ya wanangu. Mchezo huu niliutunga kwenye shimo walilouacha. Karatasi sina hata leo. Shimo ninalo. Njoo ulione."

Mwanasheria alivua miwani yake, ikaning'inia kifuani. Kwa utaratibu wake hakupaswa kwenda majumbani mwa watu, na alikuwa na faili kumi na moja mezani.

"Kesho saa nane," alisema.

 

Habari kwamba kesho saa nane kuna mgeni zilipokelewa na Mama kwa kufua mapazia. Habari kwamba mgeni anakuja kuona kilichoko chini ya kabati zilipokelewa kwa sauti ya vyombo vikitolewa kimoja kimoja. Alivitoa mwenyewe. Baridi alipotaka kusaidia aliambiwa asimvunjie vikombe, na alipojaribu kusema kwamba mficha uchi hazai, aliambiwa asimletee methali sebuleni mwake, kwanza yeye mwenyewe hajazaa.

Mwanasheria alifika saa nane na dakika tano, amevaa viatu vya ofisini. Alivivua mlangoni bila kuombwa, na jambo hilo lilimpunguzia Mama nusu ya hofu. Mara ya mwisho mwanamke aliyevaa vizuri alipoingia sebule hii kuhusu vigae, hakuvua.

Kabati lilikuwa zito hata baada ya vyombo kutolewa. Baridi alishika upande mmoja, Baba upande mwingine. Lilikwaruza, likagoma, likatoka. Mahali pake palikuwa na vumbi la miaka, kijiko kimoja kilichotafutwa sana wakati fulani, na ile miraba minne: saruji ya kijivu iliyokwaruzwa na tindo, kingo zimemeguka, alama za nyundo bado zinaonekana. Sakafu yote ilikuwa ya rangi, na pale palikuwa kama pengo la meno.

Mama alikuwa wa kwanza kusema, na hakusema na mgeni.

"Nisamehe," alimwambia mumewe. "Sikutaka ukae unaona. Ndiyo maana nikalileta."

Baba aligeuka. "Unasema?"

"Nilidhani yanakuuma."

"Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki kuyaona. Nilidhani umenionea aibu."

"Aibu? Kwako?" Sauti ya Mama ilipanda, ikakatika. "Mimi nilitaka kumtoa macho yule mwanamke. Niliogopa tu kwa kuwa nilikuwa na mtoto mgongoni."

Wazee hawa wawili walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka ishirini na mitatu, kila mmoja akiificha aibu ambayo mwenzake hakuwa nayo. Baba alicheka kwanza, cheko la mtu aliyetafuta penseli siku nzima na kuikuta sikioni. Mama alilia. Baridi alitazama dari. Mwanasheria, kwa heshima, alijishughulisha na kupiga picha mlango wa jikoni.

"Na madaftari?" Mama aliuliza ghafla, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Binti huyu anasema mnataka kitu cha tarehe. Madaftari ya ushindi yanafaa?"

"Mama, daftari ninalo mimi," Kitinda akasema. "Linaanzia nikiwa darasa la nne, shimo halimo."

"Unalo la mwisho. Ya mwanzo ninayo mimi. Kuna kitu cha watoto wangu nilichowahi kutupa?"

Akavuta droo ya chini kabisa ya kabati, ile iliyokuwa inakwama, akatoa madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwa uzi. Juu kabisa lilikuwa la Baridi la hesabu. Nusu ya mbele ilikuwa ya kutoa na kujumlisha, na kalamu nyekundu ya mwalimu yenye tarehe kila ukurasa. Ukurasa wa kumi na saba hakukuwa na hesabu. Kulikuwa na sakafu, mraba kwa mraba, imechorwa kwa penseli za rangi na mkono wa mtoto, na kando ya ukuta miraba minne imepakwa nyeusi mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake aliandika: *Shimo la Baba. Aliye mbele anarudi.* Na chini ya hayo, kalamu nyekundu, tarehe, na maneno ya mwalimu: *Hii si kazi niliyokupa.*

"Nilichapwa kwa ukurasa huo," Baridi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi sauti yake kuwa na moto.

Mwanasheria alilishika lile daftari kwa mikono miwili. Alisoma, akatazama sakafu, akasoma tena. Kisha akampelekea Baba, akamwonyesha kwa kidole mahali pa tarehe.

"Mzee, hii ndiyo karatasi," alisema. "Ulikuwa nayo siku zote."

Baba hakuwa msomaji hodari, lakini alisoma mistari ile miwili yote, midomo ikitikisika. Akalirudisha daftari kwa Mama, maana ndiye mwenye kutunza.

Kisha walicheza, kwa kuwa mwanasheria alisema hawezi kutia sahihi kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Walikaa chini wote watano. Mgeni alipewa kizibo chekundu, akaanza yeye, akala bluu mbili na kuanza kujiamini. Mrusho wa sita ukamtumbukiza shimoni. Baba alikuwa ameshampita, amebakiza hatua nne kufika jikoni, na bila kusema lolote akakirudisha kizibo chake sebule nzima, akakiweka ukingoni.

"Sasa unapoteza," mwanasheria alimwambia.

"Ndiyo."

"Na usiporudi?"

"Huwezi kutorudi. Aliye mbele ndiye pekee anayejua njia ya kupita."

Kitinda alikuwa amejaribu kuliandika hilo kwenye maelezo ya mchezo tangu Jumapili na kushindwa. Alichukua simu yake, akaliandika vilevile lilivyotoka. Mama alishinda mchezo, kama alivyozoea wengine wakishughulika kuokoana.

Mwanasheria alivaa viatu vyake. Alikuwa amepiga picha ukurasa wa kumi na saba, miraba minne, na wanafamilia wote wamesimama nyuma yake bila kujua waweke wapi mikono. Mlangoni alisema kwamba kwa upande wake hana swali tena, na kwamba Jumatatu Kitinda afike na kitambulisho kwa ajili ya mkataba. Kilichobaki ni jina la mtunzi litakaloandikwa mchezo unapofunguka. Aandike nini?

Kitinda alimtazama baba yake.

"Andika fundi wa vigae," Baba alisema. "Na uandike vilevile kwamba aliutunga kwake, sebuleni."

 

Mwanasheria alipoondoka, Baba alitoka uani, akarudi na ndoo, mwiko na kifuko cha saruji nyeupe kilichobaki kwenye bafu la watu, ambacho safari hii alikuwa ameandikiwa na mwenyewe, kwa wino, kwamba amepewa. Alipiga magoti mbele ya shimo. Kitinda akasogea haraka.

"Baba, unaliziba? Niachie kwanza angalau nilipige picha nzuri."

"Nani kakwambia naziba?" Alikuwa ameanza kusafisha kingo kwa brashi, akitoa vumbi na vipande vilivyolegea. "Kazi imeachwa kingo zimemeguka hivi miaka yote, watu wanaingia humu wanajua mimi ni fundi. Shimo nalo linataka kingo."

Alifanya kazi polepole, kwa raha. Alizungusha mstari mweupe pande zote nne, akaulainisha kwa kidole kilicholowa maji, akaifuta saruji ya kijivu mpaka ikang'aa kidogo. Mama alileta chai akakaa karibu yake, chini, sakafuni. Ilipokauka miraba ile ilionekana imetandikwa vile kwa makusudi na mtu anayejua anachofanya.

Nyuma yao Baridi alikuwa amelikumbatia tena kabati katikati ya chumba, jasho likimtoka, jina lake la mtaani likimsuta.

"Na hili sasa niliweke wapi?"

"Popote," Baba alisema bila kugeuka. "Ila usinifunikie kazi yangu."